MREJESHO: Kona ya wavutaji kwenye mgahawa wa ufukweni, Mwanza

Wakuu, niliuliza kama mgahawa wa wazi upande wa ziwa unaweza kutenga kona ya wavuta sigara. Asanteni kwa majibu, na kazi imeisha.

Sheria ya bidhaa za tumbaku ya 2003 inamruhusu mwenye eneo kutenga sehemu ya kuvutia sigara. Tangu 2021 msimamizi ni TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na wana ofisi ya kanda hapa hapa Mwanza. Mchoro wa eneo uende kwao kabla fundi hajamwaga zege.

Kinachosumbua ni upepo. Mchana unavuma toka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka. Kona ikiwa upande wa maji, wateja wa sato wa mchana wanakula moshi. Ikiwa upande wa barabara, wa usiku ndio wanaoumia. Kwa hiyo imewekwa ubavuni, sambamba na ufuko, mbali na jiko na mitungi ya gesi. Feni haisaidii, inausambaza moshi tu.

Ndoo za mchanga za kuzimia sigara zina vifuniko vyenye tundu, maana vichungi vya sigara ni plastiki na mvua huvisomba hadi ziwani. Mchanga uwe mkavu; ukilowa, vichungi vinaelea juu na ndoo inanuka.

Vepu (sigara za kielektroniki) nazo zinapelekwa kona hiyo hiyo. Sheria ya 2003 ilitungwa kabla hazijaenea, ila mwenye mgahawa ana haki ya kuweka utaratibu wake. Kibao kinasema "sigara, shisha na vepu", wabishi wasipate upenyo.

Aliye chini ya miaka 18 hauziwi sigara, hata akidai katumwa na baba.