Tupeane uzoefu: usiku wa hema hifadhini uliokushinda

PandaVilima
Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Shule zikifungwa mwezi Juni ninakusudia kuwapeleka wanangu Mikumi, kisha Udzungwa, na safari hii tutalala kwenye hema. Viingilio ninavijua na barabara ninaifahamu. Ninachokitafuta ni yale yasiyoandikwa kwenye vipeperushi. Aliyewahi kulala hemani hifadhini na usiku ukamwendea vibaya, naomba atusimulie ilikuwaje na ni maandalizi gani yangemsaidia.

BintiKihonda
Umenikumbusha Mikumi ya masika, na hadi leo mvua ikigonga bati usiku huwa naamka. Hema tulilikodi kwenye duka moja mjini, tukahakikishiwa kwamba limekamilika. Tulipolikunjua kambini jioni tukakuta turubai la juu si la hema lile, kwani lilifunika paa na kuacha pembe mbili wazi. Mnaolijua bonde la Mkata mnaujua udongo wake mweusi: ukikauka unapasuka, ukilowa unakuwa uji, na kigingi unakichomeka kwa vidole viwili na kukichomoa vivyo hivyo. Mvua ilianza kwenye saa tano usiku. Kwanza ilidondoka kupitia mshono ulio juu ya miguu, kisha maji yakaingia kwa chini, na godoro la sponji lilipokwisha kuyanywa likawa zito hata watu wawili wakashindwa kuligeuza. Mdogo wangu alishikilia nguzo ya katikati kwa mikono mpaka alfajiri, kwa sababu vigingi vya upande wa upepo vilikuwa vimeng'oka vyote. Kila anayeniuliza sasa ninamwambia asimike hema uani kwake kabla ya safari, alimwagie ndoo kadhaa za maji, kisha alale humo usiku mmoja. Kambini atafute mwinuko, hata uwe mdogo namna gani, na amalize kusimika jua likiwa bado juu.

Mluguru
Naunga mkono hilo la kulala uani. Hema la kukodi usilipakie kabla hujalisimika kwa mkono wako.

MzeeWaRuaha
Mvua hutangulizwa na mawingu, lakini harufu ya chakula haikupi taarifa. Nimepika katika misafara ya watalii kwa miaka mingi, na jambo lililokuwa likinikosesha usingizi ni matunda. Nimeshuhudia hema likipasuliwa ubavuni na tembo kwa sababu ya mfuko wa machungwa uliowekwa chini ya mto. Mwenye hema alikuwa ameketi kwenye moto, na hilo ndilo lililomponya. Hemani kisiingie chochote chenye harufu, iwe ndizi, biskuti za watoto, sabuni au dawa ya meno. Vyote vikae ndani ya gari, na vioo vifungwe.

MtotoWaNakuru
Shikamoo Mzee. Ninakuheshimu, lakini gari nalo si salama kama unavyolieleza. Nyani hufungua mlango usiotiwa ufunguo, na tembo akinusa maembe anaweza kuvunja kioo. Matunda yabaki nyumbani.

MzeeWaRuaha
Marahaba mwanangu. Watoto hawawezi kukaa siku zote hizo bila tunda. Kambi za umma za Seronera zina majiko na mabanda ya kulia yaliyozungushiwa nondo, na chakula hukaa humo. Pasipo na banda ni gari, hakuna njia ya tatu.

MtotoWaNakuru
Aliyeuliza haendi Serengeti, Mzee. Anakwenda Mikumi.

MwanaWaMangula
Mnabishana kuhusu tembo, wakati kule Udzungwa, ambako mwenzetu anakwenda, anayemfuata mtu hemani hupita kwenye tundu la zipu. Ile ni hifadhi ya kutembea kwa miguu, na siku hiyo tulikuwa tumepanda maporomoko ya Sanje, yale ya mita 170, tukarudi kambini tumechoka na mvua ya alasiri imetunyeshea. Tulilala mapema. Kwenye saa nane usiku wifi yangu akapiga yowe. Niliwasha tochi nikaona sakafu ya hema imegeuka nyeusi na inatembea: siafu walikuwa wakiingia kwa mstari kupitia kona ambayo zipu haikufungwa hadi mwisho, na tayari walikuwa kwenye blanketi, kwenye nywele, ndani ya nguo. Tukatoka mbio bila viatu na kuangukia kwenye msafara wenyewe, maana nje walikuwa wengi kuliko ndani. Wifi alikuwa na mtoto ambaye hajatimiza mwaka, amefungwa khanga, na kila alivyolia ndivyo tulivyozidi kuchanganyikiwa, kwa sababu hatukuweza kuona wanamng'ata wapi. Tulikimbilia kwenye sakafu ya saruji ya vyoo, tukamvua nguo zote chini ya taa, tukaanza kumtoa siafu mmoja mmoja kwa kucha. Siafu ukimvuta kiwiliwili kinakatika na kichwa kinabaki kimeuma. Nyuma ya sikio la yule mtoto tulitoa vichwa tupu. Askari wa hifadhi alikuja na kutukataza kurudi hemani kabla hakujakucha. Asubuhi walikuwa wamekwisha kupita, na kuku tuliyembakiza kwenye sufuria alikuwa mifupa mitupu.

BintiKihonda
Mtoto aliendeleaje? Nimesoma huku nimejikunyata.

MwanaWaMangula
Alivimba siku mbili, akapona kabisa. Tangu hapo, kabla ya kulala ninazunguka hema nikimulika ardhi, hasa baada ya mvua. Nikiona mstari, ninahamisha hema usiku huo huo. Viatu ninalala navyo ndani, na zipu ninaikagua kwa kidole hadi mwisho wake.

Mluguru
Zungushia majivu. Bibi zetu hawakuwa na dawa nyingine.

FundiTurubai
Majivu yakilowa hayazuii kitu. Mwaga mafuta ya taa kidogo kuzunguka hema, hawatavuka.

MzeeWaRuaha
La hasha. Mafuta ya taa hayamwagwi kwenye ardhi ya hifadhi, tena kando ya kitambaa cha nailoni kinachowaka kwa cheche moja. Mshauri mwenzako kama ambavyo ungemshauri mwanao.

FundiTurubai
Nimesema kidogo, Mzee.

PandaVilima
Nawashukuru sana, na hadithi ya siafu imenifanya nibadili orodha yangu yote. Nina swali la haja kubwa na ndogo: mtoto akiamka usiku kutaka choo, nifanyeje?

MzeeWaRuaha
Asitoke. Ndoo yenye kifuniko ikae ndani.

BintiKihonda
Hema la watu wanne lenye ndoo ndani halilaliki. Sisi hutoka wawili wawili, lakini kwanza tunafungua zipu kidogo na kumulika pande zote kwa tochi yenye nguvu, tukitafuta macho yanayong'aa. Pakiwa na macho, tunasubiri.

MtotoWaNakuru
Katika hili nipo na Mzee. Nami niongeze la hifadhi ya Hell's Gate, huku kwetu Kenya, kwa wanaofikiri kwamba hatari ni wanyama pekee. Pale unatembea na kuendesha baiskeli, na kambi ziko juu ya magenge mahali pazuri sana, lakini Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba ndani ya korongo. Mvua inaweza kunyesha milimani huku juu yako kukiwa na jua, maji yakakujia kutoka nyuma. Kwa hiyo tukiona wingu upande wowote, watoto hawashuki korongoni, hata wakilia. Na mkija kwetu, lipeni kwa njia ya mtandao mapema, wala msibebe chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja, kwani zimepigwa marufuku katika hifadhi zetu tangu Juni 2020.

Karatu
Baridi mmeisahau. Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni ukungu unalowesha hema kama mvua. Baridi hupanda kutoka ardhini, hivyo mkeka mnene chini yako una faida kuliko blanketi la pili juu.

Mluguru
Mikumi mchana kuna mbung'o. Nguo za bluu na nyeusi huwavutia. Wavalishe watoto rangi ya udongo.

PandaVilima
Jezi zao zote ni za bluu. Nitawanunulia fulana nyingine Morogoro, na hema nitalisimika uani Jumamosi hii. Mzee, ndoo nitaibeba.

MzeeWaRuaha
Vyema. Chukua yenye kifuniko cha kuzungusha.