Gömlek, şalvar na entari ya Kituruki: paterni ya karatasi au kukata kwa vipimo?

Pindo_la_Hariri: Habari zenu mafundi. Nataka kushona nyumbani seti ya Kituruki ya zama za Osmani: gömlek (shati refu la ndani), şalvar (suruali pana), na entari (vazi refu la juu) aina ya üçetek, ile yenye mapande matatu chini. Naona njia tatu: paterni (kiolezo cha kukatia) ya karatasi, faili ya kuchapa, au kukata kwa futi na chaki. Kifua changu sm 100, kiuno hadi kifundo cha mguu sm 105. Ipi kwa nguo ipi?

Bandi_na_Chaki: Kwa gömlek usinunue kitu. Ukijua kukata kanzu, nusu ya kazi unayo: badani moja (kipande cha kati cha mwili) inayopita begani bila mshono, taharizi (vipande vya kupanua) ubavuni, kikwapa chini ya mkono. Kwa kifua chako, badani iwe na upana wa sm 42, na taharizi mbili za sm 20 juu zinazopanuka hadi sm 40 chini. Jumla kifuani 124 (42 mbele, 42 nyuma, 20 mara mbili), una nafasi ya sm 24. Ongeza sm 1 ya mshono kila upande.

Kikwapa ni mraba wa sm 12, na ndicho kinachochanika kwanza. Simamisha kila mshono sm 1 kabla ya ncha ya pembe, rudisha cherehani nyuma kidogo ufunge uzi. Ukishona hadi ukingoni, pembe inajikunja na kufanya kifundo kwapani.

Shingo ikate ndogo: upana sm 14, nyuma sm 2 tu, mbele sm 7, kisha mpasuo. Ukigawa mbele na nyuma sawa, shati litarudi nyuma na kukaba koo.

Mshazari: Nakubaliana, na şalvar pia kata kwa vipimo. Paterni nyingi ni pajama iliyopanuliwa tu, ina mkato uliopinda mapajani na inavuta ukikaa chini. Ya asili ina miguu iliyonyooka na kipande cha katikati kiitwacho ağ.

Kitambaa cha upana wa sm 115: kata vipande viwili vya sm 130, kimoja kila mguu. Hizo ni 105 zako na 25 za ziada. Usizipunguze, ndizo zinazoangukia kifundoni na kukuachia nafasi ya kupiga magoti. Ağ ni mraba wa sm 40. Unga mshono wa katikati mbele na nyuma sm 45 kutoka juu, ingiza ağ pembe moja mbele, moja nyuma, mbili miguuni, halafu funga sm 45 zilizobaki za ndani ya mguu. Mita 3.2 zinatosha.

Chagua kitambaa kinacholala, kama voili (pamba nyembamba) au hariri nyepesi. Poplini ngumu ikikusanywa kutoka sm 230 hadi kiuno chako inavimba kotekote. Na weka kamba (uçkur) badala ya lastiki. Kiuno kizito hivyo huilegeza lastiki upesi.

Ovaloki: Entari ndiyo nguo ya kununulia paterni. Inabana kifuani, mikono mirefu, mipasuo miwili kutoka nyonga, na kosa la sm 2 linaonekana. Chagua saizi kwa kipimo cha kifua, si saizi ya dukani. Angalia kama nafasi ya mshono imo: paterni za jarida la Burda hazina. Kwa faili ya kuchapa, pima kwanza kile kisanduku cha majaribio, mraba uliochapwa na kipimo chake. Printa ikipunguza hadi asilimia 96, kifua cha 100 kinakuwa 96. Shona sehemu ya juu kwa marekani kwanza, kama jaribio.

Bandi_na_Chaki: Ila @Ovaloki, kama atatumia kutnu, kile kitambaa cha mistari cha Gaziantep, ajihadhari na paterni yenye mikato ya kifuani. Mikato hiyo inavunja mistari, na uzuri wote wa kutnu ni mistari inayoshuka wima bila kukatika. Atafute paterni inayopata umbo kwa vipande vya ubavuni.

Ovaloki: Kweli kabisa. Na kutnu inachanika nyuzi haraka kingoni: piga zigizaga kila kipande kabla ya kuunga, weka bitana ya pamba, na mipasuo iishie kwa mshono wa kurudia wa sm 1, vinginevyo inazidi kuchanika kwenda juu kila unapokaa.