Mrejesho: konso ya darini kwenye RV-10

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu RV-10, ndege ndogo ya viti vinne ya kujijengea, ninayoijenga gereji huku Texas, kama ninunue konso (boksi la darini la taa na matundu ya hewa) ya nyuzi za kaboni, nitengeneze ya fiberglasi mwenyewe au niache dari wazi. Asanteni sana, hasa aliyesema nikate kwanza boksi la umbo lile nilibandike juu nikae na hedseti kichwani kabla ya kutoa hela, hapo ndo nikaona ile nene ingenigonga kichwa, nikachukua ya kaboni nyembamba. Nimepiga msasa dari vizuri, nikagandisha kwa epoksi iliyochanganywa na nyuzi za pamba, haichezi hata kidogo. Waya pitisheni kwenye nguzo zinazoshika dari mapema, ukishaziba ndo basi tena. Na ni kweli antena ya GPS isikae chini ya kaboni, mawimbi hayapiti.

Ila hewa imenishinda kiasi, inaingilia mkiani, nimejaribu kwa blowa, matundu ya nyuma yanapuliza safi ila ya mbele ni hafifu, sababu ni wembamba huo huo wa konso. Taa nyekundu za kusomea ramani ziko poa, swichi yake ya kupunguza mwanga inafaa usiku kioo kisiakisi.