Nilimsema Madam kwa kunifumulia sketi 11 na kuninyima kunyonyesha. Watu wakajibu kwa kutukana ujane wake

Fundi_Marinda

Habarini za jioni wadau. Naomba mnisome hadi mwisho, maana nikieleza nusu nitakuwa nimemwonea mtu.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule kwenye karakana moja hapa Mwanza. Tupo mafundi 14, wanawake 11. Mwenye karakana ni mama wa makamo, sote tunamwita Madam. Malipo ni kwa kipande: sketi ya marinda 1,500, shati 1,200. Kuanzia mwisho wa Novemba mpaka shule zifunguliwe Januari, usingizi tunausikia kwa wenzetu.

Madam ni mkali kweli. Anapita nyuma yako na futi kamba shingoni. Rinda moja likizidi jingine hata nusu sentimita, anachukua wembe, anafumua sketi nzima, anakuwekea mapajani bila neno. Wiki ya pili ya Januari alinifumulia sketi 11 siku moja. Ikifumuliwa hailipwi, unaishona upya kwa muda wako. Tulikuwa tunaingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 4 usiku.

Nina mtoto wa miezi mitano. Anabaki na mdogo wangu, mitaa minne kutoka karakana. Ikifika saa 6 mchana maziwa yamejaa, kifua kinauma, blauzi inalowa. Nakunja vipande vya kaki vilivyobaki kwenye meza ya kukatia, naviweka ndani ya sidiria, naendelea kushona. Nilimwomba Madam niwe naenda kumnyonyesha nusu saa tu. Akanijibu, "Mimi nimelea wanne chini ya cherehani hii hii, na sikumwomba mtu ruhusa." Akaendelea na safari yake.

Usiku ule, natembea kurudi nyumbani, nilirekodi sauti ya dakika 4 nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja ushonaji. Nilimtaja jina. Nilisema saa tunazofanya kazi, sketi 11, na mtoto. Nililia humo ndani. Kulipokucha sauti ilikuwa imefika mpaka kwa wauza vifungo sokoni.

Sasa swali langu. Majibu yalipita 60, niliyahesabu. Hakuna hata moja lililomtaja mtoto. Hakuna aliyeuliza kama sketi zile zilikuwa mbovu kweli. Waliandika, "Jike dume hilo." Waliandika kwamba mumewe alikufa kwa presha yake (Madam ni mjane, na mumewe alikufa ajalini zamani, mtaa mzima unajua). Mmoja akasema mwanamke ukimpa funguo atakufungia nje. Mwingine akasema nchi nzima ndivyo ilivyo tangu 2021 tulipopata Rais mwanamke, na kutoka hapo wakahamia kwa Rais, kwa aliyekuwa Spika, Dk. Tulia, kwa mama mmoja mtangazaji. Nikawa nasoma kundi langu mwenyewe kama mgeni.

Mtaa wa pili yupo mzee anashonesha mapazia. Mafundi wake hawajalipwa tangu Oktoba. Naye anafumua, naye anafoka. Watu wanamsifu, "Yule mzee anataka kazi." Sijawahi kusikia mtu akiuliza mke wake yuko wapi.

Je, nilikosea kumsema hadharani? Niombe radhi? Na kama sikukosea, bosi mwanamke anasemwaje mpaka watu wasikie kosa lenyewe?

---

Mwl_Mstaafu_Tanga

Mwanangu, pole sana, na pole ya mtoto.

Nimekuwa mwalimu mkuu miaka 16, shule mbili, kwa hiyo nayajua haya kwa upande wa Madam wako. Niliyempokea ofisi alikuwa akipiga mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio saa 1:30 kamili. Ukisaini chini ya mstari, unaitwa. Walimu walikuwa wanasema yule bwana ana msimamo. Nikaendeleza mstari ule ule, saa ile ile, na kalamu nyekundu aliyoiacha mezani. Mwezi haujaisha nikawa Mama Jeshi, na kwenye ukuta wa choo cha walimu pakaandikwa neno juu yangu na mume wangu ambalo siliandiki hapa.

Lakini nisikuache ukadhani Madam wako hana kosa. Mwaka 1998 nilimpigia mstari mwalimu aliyekuwa na mtoto amelazwa. Yeye hakuandika ukutani. Alisimama kwenye kikao, mbele ya walimu 22, akasema, "Tarehe 3, tarehe 4 na tarehe 9 nilichelewa. Nilileta karatasi ya hospitali. Mwalimu mkuu hakuisoma." Akakaa.

Yale ya chooni niliyapaka chokaa na moyo ukapoa, kwa sababu aliyeyaandika alinipa nafasi ya kujiona nimeonewa. Zile tarehe tatu sikuwa na chokaa ya kuzipaka. Nililala nazo. Asubuhi nilimwita yule mwalimu, nikamwomba msamaha, nikaandika kwenye daftari kwa mkono wangu kwamba ile mistari mitatu ilikuwa kosa langu.

Ndicho walichokufanyia wenzako kundini. Wamempa Madam chokaa. Sasa anaweza kujiambia kwamba anachukiwa kwa kuwa ni mwanamke mwenye mali, na atakuwa anasema kweli kwa wale 60, na wewe umo humo humo ndani.

Nakumbuka Machi 2021, msiba wa kitaifa kule Dodoma, Rais Samia alipowaambia wenye mashaka kwamba aliyesimama pale ni Rais, mwenye maumbile ya mwanamke. Nilikuwa sebuleni, nilisimama peke yangu. Marais watano walimtangulia na hakuna hata mmoja aliyewahi kutakiwa kulieleza taifa habari ya maumbile yake.

---

Gereji_Igoma

Dada, pole. Mwalimu, shikamoo. Ila mimi naona tunaelekea kubaya, kwamba bosi akiwa mwanamke tutembee kwa kunyata.

Nina binti wa miaka 15, anacheza winga ya kulia, ana mbio. Agosti 2021, pale Ikulu, Rais alizungumzia vifua vya wanawake wanaocheza mpira na habari ya kuolewa kwao. Binti yangu alisikia. Alikaa siku mbili hataki kwenda mazoezini. Nilimsema Rais gerejini kwa sauti, wateja wamekaa, na ningemsema tena leo. Watu wengi walimsema, wanawake kwa wanaume, na walikuwa na haki. Kiongozi anasemwa. Ukitaka usisemwe, usikae kwenye kiti.

Kwa hiyo dada, usifute wala usiombe radhi. Sauti yako ni ya kweli. Wahuni hawakosekani, hata mimi wateja wananiita kipara. Ukinyamaza kwa sababu ya wahuni, Madam atafumua sketi 20.

---

Fundi_Marinda

Kaka wa Igoma, nakushukuru, na mpe pole binti. Lakini angalia ulichokifanya wewe. Ulimsema Rais kwa maneno aliyoyatamka, siku fulani, mahali fulani, na ukamtaja aliyeumia. Hukugusa ndoa yake. Mimi nilijaribu hivyo hivyo na bado yakaenda kwenye ujane. Ndiyo maana nauliza. Na kipara si sawa na kuambiwa umemuua mumeo.

---

Gereji_Igoma

Hapo umenipata. Kipara nakirudisha.

---

Bonde_la_Nakuru

Nawasalimu kutoka Kenya. Mimi nilikuwa darasa la saba mwaka wa 1989, Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alipopinga jumba la ghorofa 60 lililotaka kujengwa ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Hoja zake mtu yeyote angezielewa: uwanja ni wa umma, na pesa za kujengea zilikuwa za kukopa nje. Mtu angeweza kusimama akamjibu kwamba mkopo utalipwa hivi na vile. Badala yake, Bungeni wakaingia kwenye talaka yake, wakawaita wanawake wa Green Belt, shirika lake la kupanda miti, kundi la walioachika. Rais Moi naye akasema mwanamke wa Kiafrika anapaswa kuwaheshimu wanaume.

Mwalimu wetu aliyarudia hayo darasani kama habari ya kawaida. Sisi watoto wa miaka 13 tulijua ndoa yake imevunjika kabla ya kujua lile jumba lingekuwa na ghorofa ngapi. Hilo limenikaa mpaka leo. Deni halikujadiliwa pale kwetu kijijini hata siku moja, na lilikuwa deni letu.

Jumba halikujengwa. Mwaka wa 2004 alipopewa Nobel nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza, na mwalimu yule yule alikuja kunipongeza kana kwamba mimi ndiye nimeshinda. Sikumkumbusha.

Dada, kwa wenzako 60, waulize tu: sketi zile zilikuwa mbovu au nzuri? Utaona wangapi watabaki.

---

Mwakilishi_Tawi

Nimechelewa, nilikuwa zamu. Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi kwenye kiwanda cha samaki. Ya moyoni yamesemwa, mimi nataka dada aondoke na kitu mkononi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mama anayenyonyesha anapewa muda wa kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Si hisani ya Madam, ni sheria. Yeye alilea wanne chini ya cherehani kwa sababu hakuna aliyempa haki yake, na hiyo mpelekee pole kwa dhati, lakini haigeuki kuwa kanuni ya karakana.

Saa za kawaida ni 9 kwa siku, 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni kwa makubaliano, na analipa mara moja na nusu. Hata mkikubaliana, siku moja haizidi saa 12. Ninyi mlikuwa mnakaa 15. Na kuanzia saa 2 usiku ni kazi ya usiku, ina nyongeza yake ya angalau asilimia 5. Kulipwa kwa kipande kusikutishe. Kama cherehani ni yake, kitambaa chake, saa kapanga yeye, wewe ni mwajiriwa.

Akikataa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, uchukue Fomu Namba 1. Madai kama haya yana siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Akikufukuza, ni siku 30 tu, usije ukakaa unalia nyumbani zikapita. Wapo pia TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, waulize kuhusu kuwaunganisha wote 14.

Kabla ya hayo yote, tafuta daftari. Andika tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sketi ngapi, zilizofumuliwa ngapi. Sauti ya kilio inasambaa mjini kwa usiku mmoja, lakini msuluhishi atakuuliza tarehe. Na jina la mtu usilirushe tena mitandaoni, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Yale matusi ya wenzako yanaweza kuwagharimu wao.

---

Fundi_Marinda

Nimerudi. Leo Jumapili, mtoto amelala.

Kwanza niliandika kundini: nasimama na kila neno la sauti yangu, sisimami na neno lolote juu ya mume wake, na aliyeandika lile la presha alifute. Nikauliza swali la kaka wa Nakuru. Watu 9 ndio waliojibu kuhusu sketi. Wengine walihama kundi. Yule wa presha hajafuta.

Daftari nililijaza kwa kukumbuka, na wenzangu wawili wakanisaidia kwenye tarehe. Jana nilifika saa 12 asubuhi, kabla ya wengine. Madam alikuwa anakata kola. Alishaisikia sauti, binti yake alimletea.

Akaniuliza bila kuinua uso, "La presha umelisema wewe?"

Nikasema hapana, na nikamwambia nasikitika kwamba lilitokea mlangoni kwangu.

"Na mengine?"

"Mengine nimeyasema mimi, mama. Yapo humu." Nikaweka daftari juu ya kaki.

Alilisoma lote, amesimama. Akafika ukurasa wa sketi 11, akasema, "Zilikuwa mbovu." Nikamwambia saba zilikuwa mbovu, nne zilikuwa sawa, na moja kati ya hizo nne nimekuja nayo, nimeishona upya kwenye mikunjo yake ile ile. Akatoa futi kamba shingoni akapima rinda moja moja. Marinda 24. Alipomaliza aliizungusha futi kamba kwenye vidole mpaka ikaisha, akasema mdogo wangu amlete mtoto kila siku saa 6, chumba cha kukatia kina kivuli.

Kuhusu fedha za usiku alisema tutaongea. Hajasema lini. Mafundi 6 wamekubali kuandika daftari zao, wanaume wawili wamo. Fomu nimeshaichukua, nimeikunja ndani ya jalada. Siku 60 zinaisha katikati ya Machi.