Konrodi mpya zisizotoka kwa mtengenezaji wa gari: tundu la chini si duara, nizihoni au nizirudishe?

Mjenzi_EJ20: Wakuu, ninajenga injini ya Subaru EJ20 hapa Industrial Area, na mteja ameleta konrodi nne (vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki) za aina ya chuma iitwayo 4340, zenye umbo la H. Nimezipima kabla ya kuweka beringi, bolti zikiwa zimekazwa kidogo tu, na mbili kati yake tundu la chini linapishana kwa milimita 0.02 kati ya kipimo cha wima na cha mshazari. Je, nizipeleke zikahoniwe (tundu lisagwe ndani kwa mawe mpaka lifikie kipimo), au nizirudishe dukani?

Fundi_BabaDogo: Ndugu yangu, usizihoni bado. Kipimo hicho hakikwambii lolote mpaka bolti zikazwe kwa nguvu ileile utakayotumia siku ya kufunga injini, kwa sababu ukazaji wenyewe hubadilisha umbo la tundu. Paka kilainishi kilichoagizwa na mtengenezaji wa bolti, na ikiwa ametaja kiasi bolti inachopaswa kurefuka, fuata urefu huo kuliko kutegemea spana ya toki peke yake, maana msuguano kwenye meno huidanganya spana. Halafu pima kwa saa ya ndani (kifaa cha kupima upana wa tundu) sambamba na shina la konrodi, kisha kwa mshazari kila upande, ukiepuka mstari ambapo kifuniko kinakutana na konrodi. Jambo lingine ambalo wengi hulipuuza ni joto: tundu la milimita 55 hutanuka kwa takriban milimita 0.006 joto likipanda kwa nyuzi 10, na karakana zetu za mabati saa nane mchana mnazijua. Konrodi na mikromita zilale kwenye meza moja usiku kucha, upime asubuhi.

Mama_Krenki: Naungana na fundi. Tundu likibaki dogo, lihoniwe kwenye mashine, konrodi mbili zikiwa zimepangwa pamoja ili zisiyumbe. Msasa wa mkononi usiguse kabisa. Likiwa kubwa, kuna njia ya kukata uso wa kifuniko kidogo na kuhoni upya, ila konrodi ambazo kifuniko chake kilitenganishwa kwa kupasuliwa hazikatwi hivyo, kwani mpasuko ndio unaokiweka kifuniko mahali pake. Kwa konrodi mpya kabisa mimi ningezirudisha, kwa sababu tundu kubwa haliibani beringi, nayo ikianza kuzunguka humo krenki imekwenda. Ukibadilisha bolti baadaye, pima upya.

Mjenzi_EJ20: Asanteni sana. Nimekaza inavyotakiwa na kupima asubuhi: moja imekaa sawa, ya pili bado ni kubwa, na mteja amekubali irudishwe. Kwa shingo ya krenki (sehemu inayozunguka ndani ya konrodi) ya milimita 52, nafasi ya mafuta kati yake na beringi ya milimita 0.05 inatosha?

Fundi_BabaDogo: Kwa injini ya barabarani ni mahali pazuri pa kuanzia. Ipate kwa kupima beringi ikiwa ndani na bolti zimekazwa kikamilifu, kisha utoe kipimo cha shingo. Hiyo mbadala ikifika, ipime uzito pamoja na wenzake, ncha ya juu na ya chini kila moja peke yake.