Maski ya kuzamia inavuja chini ya pua na kuumiza kati ya macho: nikaze mkanda au nibadilishe?

Bint_Nungwi
Assalaam aleikum wapiga mbizi. Maski yangu ni ya kioo kimoja, sketi (ule ukingo laini unaogusa uso) ya silikoni nyeusi. Kwenye bwawa la mita 2 haina neno. Baharini nikifika mita 6 au 7 maji huanza kuingia chini ya pua, na kila nikikaza mkanda yanazidi. Nikitoka nina alama nyekundu kuzunguka macho, na pale pua inapoanzia panauma. Nimesuka rasta na navaa kofia ya kuogelea inayofunika nywele na shingo. Zimebaki mbizi mbili za baharini nimalize kozi. Kosa ni la mkanda, kofia au maski?

Kasa_Mnemba
Waaleikum salaam dada. Kwanza legeza huo mkanda. Kazi yake ni kuizuia maski isidondoke tu. Kinachoibana usoni ni maji yenyewe. Ukiukaza sana, ule mdomo mwembamba wa sketi unajikunja kwa ndani, na penye mkunjo ndipo maji yanapopitia. Ndiyo maana ukikaza yanazidi. Ukiwa nchi kavu vidole viwili vipite chini ya mkanda bila kulazimisha.

Pili, hizo alama nyekundu zinanitia shaka kwamba hupumui kwa pua unaposhuka. Mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, kwa hiyo hewa iliyofungika ndani ya maski inataka kusinyaa hadi nusu. Usipoiongezea, maski inakunyonya uso: sketi inapotoka, fremu inagonga mfupa, na mishipa midogo ya macho inaweza kupasuka. Kwenye mita 2 hilo hulisikii sana. Kila unaposawazisha masikio (kubana pua na kupuliza taratibu ili yasiume), achilia pumzi kidogo kwa pua. Kidogo tu, ukipuliza kwa nguvu unaifungua sketi mwenyewe.

Hayo yakishakaa sawa, ipime maski:

1. Pindua mkanda uje mbele ya kioo, usikuguse.
2. Tazama dari, iweke maski usoni bila kuibonyeza. Mwenzako aangalie kama sketi imegusa ngozi pande zote: paji, pembe za macho, mashavu, juu ya mdomo.
3. Weka regyuleta, kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi, mdomoni. Hapa wengi wanaruka. Ukiuma mpira wa regyuleta, mdomo wa juu na mashavu vinabadilika umbo, na maski iliyokaa vizuri mdomo ukiwa umefungwa inaweza kuachia.
4. Vuta hewa kwa pua taratibu, kama unayenusa mchuzi jikoni. Zuia pumzi, inamisha uso, ondoa mkono.

Ikibaki, ni yako. Ikibidi uvute kwa nguvu ndipo ishike, hilo si jibu, kwa sababu ukivuta kwa nguvu karibu maski yoyote itashika.

Pezi_la_Kusini
Naongeza kuhusu kofia, maana dada zetu wengi wa Unguja wanazama nayo. Ukingo wake upite nje ya sketi kabisa, nyuma ya mstari wa paji. Zungusha kidole ndani ya ukingo kabla ya kuruka. Unywele mmoja wa rasta ukibaki chini ya silikoni unatosha kuvujisha.

Mkanda nao uupandishe juu ya masikio, ukae kwenye kisogo pale kichwa kinapotokeza. Ukikaa chini sana unaivuta maski ishuke, na fremu inalalia hapo hapo panapokuuma. Ukikaa juu sana, mfuko wa pua unakukata kwa chini. Kwa rasta nene tumia mkanda wa kitambaa cha neopreni, hautelezi wala hauvuti nywele.

Na mafuta ya jua: yafute kuzunguka macho na paji. Yanaitelezesha sketi, kisha yanawasha macho.

Baharia_Watamu
Kwa ndugu zetu wenye masharubu tatizo huwa hapo hapo chini ya pua. Nyoa ukanda mwembamba chini ya tundu za pua, milimita chache, ngozi ionekane. Vaselini siishauri: inapanda kwenye kioo, nawe unaona ukungu mbizi nzima.

Bint_Nungwi
Shukrani sana. Nimeipima. Bila regyuleta inashika. Nikiiweka mdomoni inaachia upande wa kushoto chini ya pua. Na hata mkanda ukiwa legevu fremu inagusa mfupa kati ya macho.

Kasa_Mnemba
Basi hiyo si ya uso wako dada, usiihangaikie. Tafuta yenye mfuko wa pua mpana, na sketi laini yenye midomo miwili, wa ndani na wa nje. Kati ya fremu na mfupa wa pua paonekane nafasi. Hakikisha pia unaweza kubana pua kwa vidole ukiwa umeivaa. Jaribu nne au tano dukani, regyuleta mdomoni kila mara. Kwa mbizi mbili zilizobaki, wahi asubuhi uchague kwenye maski za kukodi kabla wageni hawajazimaliza.

Ukinunua mpya, sugua kioo kwa ndani na dawa ya meno nyeupe, si ile ya jeli, suuza, rudia mara mbili au tatu, maana kiwandani inatoka na utando unaoleta ukungu. Ila kama kimepakwa dawa maalumu ya kuzuia ukungu, usikisugue kabisa.