MREJESHO: Kinga za miguu za binti yangu, kecha wa softiboli

Wakuu mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu binti yangu anayedaka softiboli (mchezo kama besiboli; kecha ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira) huku Minnesota, kinga zake za miguu zinazunguka kila akichuchumaa, mpira unamkuta ugoko uko wazi, je ninunue saizi kubwa?

Sijanunua, hela imebaki mfukoni 😂. Nilipima toka katikati ya goti mpaka kifundo cha mguu kama mdau alivyosema, saizi iko poa kabisa, shida ilikuwa mikanda. Ule wa kwenye shavu la mguu tulikuwa tunaukaza akiwa kasimama, sasa akichuchumaa msuli unatanuka unaisukuma kinga yote pembeni, siku hizi tunaupima akiwa amechuchumaa hivyohivyo na ule wa nyuma ya goti tunauachia kidogo. Klipu zote zinatazama nje, zikitazama ndani zinanasana akikimbia.

Vile visponji vya kuegemea nyuma ya goti nimevitoa, mi naona vinamfanya akae kizembe, anachelewa kuinuka kurusha.

Sasa imebaki harufu, zikilowa jasho humo kwenye gari hapakaliki, nyie mnazifuaje?